Bawabu wa Karamu ya Upendo

Mhubiri akishikwa na mafua huwa mtu kama watu wengine, ila Ndugu Josias Fenwick alikuwa bado hajalijua hilo. Alikuwa ameketi jikoni kwa Digory Trembath, miguu ndani ya karai la maji ya moto, amevaa shati la kulalia la Digory ambalo lingemtosha yeye na farasi wake, na bado anajaribu kutisha. Shati lake mwenyewe lilikuwa linaning'inia juu ya moto, linachuruzika. Loveday, mke wa Digory, ndiye aliyemnyang'anya shati hilo alipofika amelowa chapachapa, akalifua, akamchemshia mchuzi wa kondoo, na sasa alikuwa anamkatia mkate.

Kila robo ya mwaka mhubiri huja na farasi wake kugawa tiketi. Ni kipande cha karatasi ngumu, kidogo kama kiganja cha mtoto, kimeandikwa jina lako. Kwetu Tregarrow, kijiji cha wachimba bati, huna tiketi, wewe si Mmethodisti, wewe ni mpita njia. Wanawake wa darasa analoliongoza Loveday, ambao hukutana naye jikoni humo kila wiki kuulizana habari za roho zao, walikuwa wameshachukua zao wakaenda. Ilibaki moja. Fenwick alichovya kalamu kwenye wino, akaitazama ile karatasi, akaweka kalamu chini, akapiga chafya.

"Dada Loveday," alisema, "kuna jambo nimelisikia mjini."

"Kula kwanza, mwanangu. Habari za mjini hazipoi. Mchuzi unapoa."

"Jumapili ile ukungu uliponizuia. Nasikia watu walijaa humu mpaka uani, nawe ukapanda juu ya pipa ukasema nao."

"Uongo huo. Sikupanda juu ya pipa."

Digory, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akashusha pumzi.

"Lilikuwa karai," alisema Loveday. "Hilo hilo lenye miguu yako."

Fenwick alichomoa mguu mmoja upesi. Akaufikiria. Maji yalikuwa matamu, akaurudisha.

"Na ukachukua fungu," alisema.

Hapo ndipo penye mwiba. Mwanamke wa Kimethodisti alikuwa na ruhusa ya kuomba kwa sauti, kutoa ushuhuda, hata kuwaonya wenzake mpaka walie machozi. Lakini kutaja fungu la Maandiko na kulifafanua mbele ya watu, huko ni kuhubiri, na kuhubiri ni kazi ya wanaume wenye farasi.

"Nilimtaja yule mama aliyepoteza sarafu akafagia nyumba nzima," alisema Loveday. "Nilikuwa nimeshika ufagio, Ndugu Fenwick. Ulitaka nitaje nini, vita vya Wafilisti?"

"Wakubwa wananiuliza mimi! Mimi ni mgeni wa kazi, huu ndio mwaka wangu wa kwanza." Sauti yake ilipanda, ikakwama kwenye mafua. "Ahidi tu mbele ya darasa lako kwamba kuanzia leo ni sala, basi. Naandika jina lako sasa hivi."

Loveday alifuta mikono kwenye aproni. Ilikuwa mikono ya mponda mawe, minene mpaka viwikoni. "Siahidi kitu ninachojua nitakivunja. Ukichelewa tena, na watu wamekuja kwa miguu kutoka migodi ya mbali, wamejaa hapa wananitazama, niwafanyie nini? Niwachezee ngoma?"

"Basi tiketi nabaki nayo."

"Baki nayo. Nikuongezee mkate?"

"Tafadhali," alisema mhubiri, maskini, maana njaa ilikuwa inamuuma kweli.

Mgeni alipewa kitanda chao huko juu. Wenyewe wakatandika jikoni, wakabaki wanasikiliza chafya zikishuka ngazi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Loveday kwa sauti ya chini, "na huyu kaingia mpaka ndani ya nguo zenyewe."

Digory hakucheka. Mambo yalikuwa hivi: Jumapili ilikuwa karamu ya upendo kwenye ghala la kijiji, siku Wamethodisti wanapoketi pamoja kula mkate na kunywa maji kikombe kimoja, kila mtu akasimulia Mungu alivyomtendea. Bila tiketi huingii. Na bawabu wa mlango alikuwa nani? Digory.

Kazi hiyo hakupewa kwa urembo. Bawabu wa kwanza, mzee mwenye huruma, aliwaonea haya wapwa zake walevi akawaacha wapite, wakavunja mabenchi na kumwagia watu kapu zima la samaki waliooza. Ndipo akatafutwa mtu asiyesukumika. Digory alikuwa bingwa wa mieleka ambaye mgongo wake ulikuwa haujawahi kugusa majani ya uwanja. Aliapa kwamba mlangoni kwake hatapita hata mfalme bila tiketi, isipokuwa mgeni atakayeombewa na kiongozi wa darasa, maana ndiyo sheria. Tangu hapo samaki walikoma.

"Loveday," alisema, "muahidi tu huyo kijana. Ahidi kidogo."

"Ahadi ni deni, wewe mwenyewe wajua. Nani alikwambia, siku ulipoacha pombe, ndiyo yako iwe ndiyo?"

"Wewe."

"Basi."

Kuni za miiba zililia motoni.

"Unajua mimi nilikuwa nani, Digory?" alisema Loveday, na safari hii hakuwa na mzaha. "Tangu msichana napondaponda mawe ya bati kule mgodini. Mwenye mgodi ananiita 'wewe'. Karani ananiita 'yule'. Ni katika jiko hili tu ndipo watu wamewahi kunitazama mdomoni wakingoja nitakachosema. Jumatatu wakijua sina tiketi, sina darasa tena. Nitarudi kuwa 'yule'. Inaniuma, mume wangu. Inaniuma mpaka hapa."

Digory alitafuta la kusema, akaambulia hili: "Ghala lina dirisha la nyuma."

"Nipite dirishani kama paka mwizi?"

"Au ukifika, mimi niwe nimekwenda haja."

"Utakaa huko mpaka lini, mpaka amina ya mwisho? Nitakuja kwa mlango, na mchana, na watu wananiona. Wewe fanya kazi yako."

"Kazi yangu ipi? Ya bawabu au ya mume?"

"Hilo sikuchagulii mimi," alisema Loveday, akageukia ukutani.

Habari za kijiji hazihitaji farasi. Kesho yake chini ya mgodi, kabla Digory hajawasha mshumaa wake wa kofia, Pascoe alikuwa keshajua. Pascoe ndiye mwenzake wa kuchimba, Mmethodisti mwenye ulimi usio na breki.

"Eti, bingwa," alisema walipokaa kula, "Jumapili utamkamata wapi Loveday? Begani au kiunoni? Nataka nijue mapema, mke wangu anasema yeye yuko upande wa Loveday."

"Kula, Pascoe."

"Wewe mbona huli?"

Digory alikuwa ameushika mkate wake wa nyama anaugeuzageuza. Miaka yote ya ndoa Loveday alikuwa akitia alama ya D pembeni mwa mkate huo kwa ncha ya kisu, ili usichanganywe na wa watu huko gizani. Siku hiyo mkate haukuwa na alama yoyote.

Pascoe akauona. Akaacha utani. "Lo!" alisema. "Hapo pabaya."

Ijumaa haukuwa na alama. Jumamosi vilevile. Kwa maneno Loveday hakumnunia. Aliongea naye, alimpakulia, alimuuliza habari za goti lake. Lakini mkate ulikuwa mtupu, na Digory aliutafuna akiona anakula mkate wa mwanamume mwingine.

Jumapili mvua yetu ile nyembamba, isiyonyesha wala isiyokoma, ilikuwa imelala juu ya Tregarrow tangu alfajiri. Digory alisimama kwenye mlango wa ghala na koti lake jeusi. Ndani, Fenwick alikuwa anapangapanga karatasi zake. Hewa ya kwetu haikaushi kitu, kwa hiyo chini ya koti alikuwa bado na shati la Digory, mikono yake ameikunja mara nyingi hata ikafanana na mikate.

Wanaume walitangulia. Digory aliangalia kila tiketi kwa makini makubwa, ijapokuwa kusoma hakujui. Alichojua ni rangi ya robo hiyo na sura ya karatasi. Kisha akawaona wanawake wanapanda njia, Loveday mbele, kapu la mikate ya zafarani kiunoni, na kile kikombe kikubwa chenye vishikio viwili kimekaa juu yake. Mikate ya karamu huoka yeye. Kikombe ni cha mama yake.

Akafika. Akasimama mbele ya mumewe.

"Habari za asubuhi, Ndugu Trembath."

"Nzuri, Dada. Tiketi."

"Sina."

Nyuma ya Digory wanaume walikuwa wameacha kukohoa ili wasikie vizuri.

"Basi huingii, Loveday," alisema, na sauti ilitoka ndogo, si ya mtu mkubwa vile.

Alingoja kofi. Angelipenda kofi. Loveday alimtazama kwa muda, matone ya mvua kwenye nyusi. "Haya," alisema. "Nilitaka kujua kama nimeolewa na mtu au na kizingiti." Akaenda akaketi kwenye ukuta mfupi wa mawe ng'ambo ya njia, kapu mapajani, shali lake amelifunika juu ya mikate.

Baada yake alikuja Shangazi Tamsin, bibi kizee ambaye kijiji kizima kilimwita shangazi na kumwogopa kama shangazi. Akatoa tiketi, akaisogeza mpaka kwenye pua ya Digory.

"Umeiona?"

"Nimeiona, Shangazi. Pita."

"Ni halali?"

"Halali kabisa."

"Vizuri." Akaitia kifuani, akageuka, akaenda kuketi ukutani kando ya Loveday.

Wa tatu akafanya hivyo hivyo. Wa nne pia. Wote walionyesha tiketi zao, wote walihakikisha ni halali, wote wakaenda kujipanga pale ukutani kwenye mvua. Mke wa Pascoe ndiye aliyekuwa wa mwisho. Yeye hata hakusimama, alipita mbele ya Digory akimtazama juu mpaka chini, akasema, "Bingwa!" tu, na neno hilo lilimwingia kuliko mtupo wowote wa uwanjani.

Karamu ilianza. Ilianza vibaya. Aliyezoea kuanzisha nyimbo alikuwa ukutani, kwa hiyo wanaume walianza kila mmoja pake, wakamaliza kila mmoja pake. Walipokwisha, kutoka nje ukaja wimbo ule ule, umenyooka, sauti mbili zimekaa mahali pake. Fenwick aliusikiliza mpaka mwisho maana hakuwa na la kufanya.

"Tugawane mkate," alisema.

Hakuna aliyetikisika.

"Mkate uko wapi?"

"Nje," alisema Pascoe.

"Maji?"

"Nje. Na kikombe nje. Kwa kifupi, Ndugu, karamu iko nje. Humu tuko sisi tu."

Fenwick akageukia mlangoni. "Ndugu Trembath, kalete kapu."

Digory alivuka njia akiona ile njia imekuwa ndefu. Moyoni aliomba Loveday amnyime. Angemnyima, wangegombana, na ugomvi ni kitu anachokijua. Lakini Loveday alimpa kapu mikononi, akamwekea na kikombe juu.

"Chukua. Mkate si wangu, ni wa karamu. Usilowe."

"Loveday..."

"Usilowe, nimesema."

Ndani, kapu likapita benchi hadi benchi. Kila mwanamume akachukua mkate wake wa njano, wenye harufu ya zafarani, akakaa nao mkononi. Hakuna aliyeuma. Waliutazama, wakatazama mlango. Kapu likamrudia Digory likiwa na mikate ya wanawake, na juu kabisa ulikuwepo mmoja uliochongwa alama kwa ncha ya kisu. D.

Loveday alikuwa ameuoka asubuhi ile, kabla ya kuja, anajua kabisa litakalotokea mlangoni.

Digory alisimama pale na mkate ule kiganjani, na macho yake yakajaa, wala hakuyaficha.

"Nani atatuanzia ushuhuda?" aliuliza Fenwick upesi, maana aliona mambo yanamponyoka. "Kila mtu asimulie alivyofika kwa Bwana."

Pascoe akasimama. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Mimi ni mwaka ule mwamba ulipomfukia mwanangu. Nilikuwa sili. Loveday Trembath alikuja akakaa kwenye ngazi yangu, hakusema neno mpaka jua likashuka. Halafu akasema. Nikaamka, nikala." Akaketi.

Akasimama mzee mumewe Tamsin. "Mimi ni mke wangu. Alinisema mimi na mtungi wangu wa bia majira yote ya baridi. Mtungi ulitangulia kuokoka, mimi nikafuata."

"Mimi vilevile," alisema mwingine kutoka kona, "ni siku ile jikoni kwa Loveday..."

"Ngojeni kwanza." Fenwick alikuwa mwekundu, na si kwa mafua tu. "Hakuna humu hata mmoja aliyeletwa na mhubiri?"

Wanaume wakafikiri kwa haki.

"Kuna mmoja alinisaidia sana kupata usingizi," alisema mtu wa nyuma.

Kicheko kikapasuka, na kilikuwa bado hakijatua Digory aliposema, "Mimi." Hakuwahi kusema kitu katika karamu hata moja. Wote wakageuka.

"Mimi nilikwenda kuvunja," alisema. "Nilikuwa nimelewa. Waliniambia mkeo anawafundisha wake za watu jikoni kwako, nikapiga mlango teke. Nyumba imejaa. Mke wangu kasimama juu ya karai, anaongea. Aliniona, na hakunyamaza. Aliendelea. Nikajiambia nitaketi kidogo nipate nguvu za kuvunja." Akajifuta pua kwa mkono. "Sijainuka tangu siku hiyo."

"Na alikuwa amechukua fungu?" aliuliza Fenwick, lakini aliuliza polepole, kama mtu asiyetaka kujua.

"Sijui habari za mafungu, bwana. Alinichukua mimi. Na leo nimemwambia huingii. Nimeshika sheria yenu, na mnaona nimeishika, lakini nawaambia kweli, sijawahi kutupwa chini hivi maishani mwangu."

Fenwick alitafuta chupa ya wino mfukoni, akatafuta ile karatasi, akaandika palepale juu ya goti lake. Kisha akatoka mvuani kichwa wazi, wanaume wote wakimfuata mpaka mlangoni wakisongamana nyuma ya bawabu.

"Dada Loveday," alisema, akimnyoshea tiketi. "Sikuombi ahadi."

"Na wakubwa wako?"

"Nitawaandikia kwamba ulitoa ushuhuda." Akapiga chafya. "Ila ulikuwa mrefu."

Shangazi Tamsin alicheka hadi akashikwa na kikohozi. Loveday hakuchukua karatasi bado. Alikuwa anamchunguza yule kijana kama anavyochunguza jiwe kabla ya kulipiga.

"Kitu gani kimekugeuza?"

Fenwick akatazama viatu vyake. "Mimi huko kwetu nililetwa kwa Bwana na mama mmoja muuza maziwa. Alisema na watu sokoni." Akachezea matope kwa ncha ya kiatu. "Amesimama juu ya ndoo."

"Juu ya nini?"

"Ndoo, Dada."

Loveday akaichukua tiketi. Akavuka njia, wanawake wote nyuma yake, akasimama mbele ya mumewe mahali pale pale pa asubuhi. Digory alikuwa ameurudia mlango, amejaa kwenye mlango wote, macho mekundu.

"Tiketi," alisema.

Akampa. Digory aliiangalia mbele, akaiangalia nyuma, akaigeuza juu chini, na kwa mara ya kwanza tangu awe bawabu alitamani angejua kusoma. Akamrudishia kwa mikono miwili.

"Pita, Dada."

"Asante, Ndugu." Alipompita alimgusa kifuani kwa kiganja, kidogo tu. "Kula mkate wako. Unapoa."

Wakaingia wote, Tamsin, mke wa Pascoe, na wengine, wakikung'uta mashali na kuwasukuma waume zao ili wapate nafasi. Wa mwisho kabisa, amelowa tena chapachapa, alikuwa Ndugu Josias Fenwick. Alipoweka mguu kizingitini, mkono ukashuka mbele yake, mnene kama nguzo ya mgodi.

"Tiketi," alisema Digory.

"Ndugu Trembath! Mimi ndiye ninayeziandika!"

"Najua. Unayo?"

Fenwick akapapasa mifuko yote, na akajua kabla hajamaliza. Aliwaandikia wote, yeye mwenyewe hakuna aliyemwandikia. "Sina," alisema.

"Basi huingii. Isipokuwa aombewe mgeni na kiongozi wa darasa, ndiyo sheria." Digory akageuza kichwa, akapaza sauti ghala zima lisikie. "Kuna kiongozi wa darasa humo anayemjua mtu huyu?"

Mabenchi yote yakamtazama Loveday mdomoni, yakingoja atakachosema, na yeye hakuwa na haraka. Alimalizia kwanza kukunja shali lake.

"Mwache apite," alisema. "Namjua. Shati lake liko juu ya moto wangu."